Farasi wa bembea: ukarabati wa kale, kuchongesha wapya, au faibaglasi? Ulinganisho kwa wenye bustani za watoto Arusha na Moshi

Mwenye bustani ya watoto Njiro, au mwenye hoteli Shanty Town, akitaka bembea ya kuzunguka yenye farasi, ana njia tatu. Anunue farasi wa mbao wa kale kutoka Ulaya au Marekani awakarabati, achongeshe wapya kwa mafundi wa hapa, au aagize wa faibaglasi. Ukiwalinganisha kwa macho, wa kale hushinda kila mara, na hapo ndipo hela nyingi hupotea. Maswali yanayofaa ni mengine: farasi atabeba uzito gani, atakaa chini ya paa au juani, na akivunjika mguu wiki ya Krismasi nani atamtengeneza.

Kwanza ujue umeletewa nini

Bembea hii ilianza kama zoezi la wapanda farasi wa Ulaya, waliojifunza kutia mkuki kwenye pete huku farasi akikimbia. Mwaka 1662 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifanya tamasha kubwa la aina hiyo Paris, na uwanja wake unaitwa Place du Carrousel mpaka leo. Farasi wa mbao alikuwa chombo cha mazoezi kabla hajawa mchezo wa watoto. Mashine zilibaki ndogo kwa muda mrefu, kwa sababu zilisukumwa na watu au kuvutwa na wanyama. Injini za mvuke ziliingia kwenye bembea za Uingereza miaka ya 1860, na Frederick Savage wa King's Lynn akawa mmoja wa watengenezaji wakubwa. Marekani, Gustav Dentzel aliyetoka Ujerumani alianza kazi Philadelphia mwaka 1867, na Charles Looff akasimamisha bembea ya kwanza ya Coney Island, eneo la starehe la New York, mwaka 1876. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 uliua kazi hiyo ya patasi. Kampuni ya Allan Herschell ikahamia kwenye aluminiamu, na faibaglasi ikafuata baada ya Vita Kuu ya Pili.

Historia hii inakusaidia unapokagua. Bembea za Uingereza huzunguka kwa kufuata mshale wa saa, za Marekani kinyume chake. Mchongaji aliweka nguvu zake upande wa nje, unaoonwa na watu, na upande wa ndani akaupitia kwa haraka. Kwa hiyo farasi aliyepambwa zaidi ubavu wa kushoto ni wa Kiingereza, na mara nyingi utakuta jina limeandikwa shingoni. Aliyepambwa kulia ni wa Marekani au wa bara la Ulaya. Wa mtindo wa Philadelphia anafanana na farasi wa kweli, misuli na mishipa inaonekana. Wa Coney Island ana manyoya ya shingo yanayopepea, vito vya kioo na dhahabu ya kubandika. Wale wa maonyesho ya vijijini, kama wa Charles Parker wa Kansas, wana masikio mafupi yaliyolala na miguu iliyonyooshwa mbele na nyuma, kwa sababu walipakiwa na kushushwa kila mara.

Kuna pia aina ya nne, nayo ndiyo inayouzwa zaidi kama ya kale: farasi aliyechongwa Indonesia si zamani sana, akapakwa rangi na kupasuliwa rangi hiyo kwa makusudi. Kumtambua si kazi ngumu. Gonga tumbo kwa kifundo cha kidole. Wa kweli kwa kawaida ana mwili wa sanduku, mtupu ndani, hulia kama ngoma. Wa kuigiza mara nyingi ni gogo zito. Angalia tundu la nguzo, pale nguzo ya bembea inapompitia farasi: la kweli limelika na lina alama za chuma. Kwangua rangi kidogo mahali pa siri. Farasi aliyefanya kazi miaka 80 ana tabaka nyingi za rangi, wakati mwingine zaidi ya 20, kwa sababu wenye bembea walipaka upya juu ya ya zamani bila kuchuna. Ukikuta tabaka mbili kisha mbao nyekundu, huyo ni pambo. Hakuna ubaya kununua pambo, ubaya ni kulilipia bei ya farasi.

Farasi wa kale akifika Arusha

Wachongaji wa Marekani walipenda mbao laini nyeupe, hasa ya mlindeni na popla, yenye nyuzi nyembamba zisizokatika hovyo mbele ya patasi. Ni tamu kwa kuchonga, lakini inavimba na kusinyaa sana na haina kinga yoyote dhidi ya wadudu au kuoza.

Kontena linashuka Dar es Salaam, hewa ina unyevu, mbao inakunywa maji mpaka asilimia 14 au 15. Linapanda Arusha mwezi wa Januari, vumbi na ukavu, mbao inatafuta asilimia 10 au 11. Ubao wa mlindeni wenye upana wa sentimita 35 ukipoteza asilimia 4 ya unyevu unaweza kusinyaa milimita 3 hadi 4. Maungio yaliyoshikwa kwa gundi ya miaka 100 hayavumilii hilo, na mshono wa tumbo ndio huachia kwanza. Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kumpokea ni kumwacha. Mweke kivulini ndani ya chumba chenye hewa, mbali na ukuta na dirisha la jua, wiki 6 hadi 8, kabla ya kuziba ufa wowote. Ufa uliozibwa kwa puti wiki ya kwanza hurudi masika mbao inapovimba, puti ikigeuka kabari inayopasua pembeni.

Wakati huo huo mtenge na mbao nyingine. Tandika karatasi nyeupe chini yake. Ukikuta unga mpya asubuhi, kuna fukusi hai ndani. Vipande vidogo, kama mguu au mkia, vifunge kwenye nailoni na uviweke kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha uviache virudi kwenye joto la chumba bila kufungua nailoni, unyevu wa hewa usije ukawa matone ya maji juu ya rangi. Mwili mzima hauingii friza ya nyumbani, utahitaji dawa ya borati ya kupaka na kudunga kwenye matundu, na borati haipenyi rangi: inafanya kazi pale tu mbao ilipo wazi.

Sehemu zinazovunjika zinajulikana. Mguu hukatika juu ya kwato, pembamba kuliko pote. Masikio na shina la mkia hufuata. Hatari zaidi ni tundu la nguzo, kwa sababu maji na grisi hushuka na nguzo na kuingia mbao ya ndani usiyoiona. Chomeka bisibisi nyembamba kuzunguka tundu. Ikizama zaidi ya milimita 5 bila kusukumwa kwa nguvu, mbao imeoza, na farasi huyo hapaswi kubeba mtu mpaka bloku ya katikati, kipande cha mbao kinachoshika nguzo, ibadilishwe. Angalia pia misumari na vyuma vya ukarabati wa zamani. Kutu huvimba na kupasua mbao kuliko hata mpandaji.

Hapa swali la gundi linaamua mengi. Maungio ya asili yalishikwa kwa gundi ya ngozi, na uzuri wake ni kwamba inafunguka kwa joto na unyevu na mpya inashikana na ya zamani. Loweka chembe zake kwenye maji baridi, sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji kwa uzito, usiku kucha. Pasha kwa sufuria ndani ya sufuria mpaka nyuzi 60; ikipita 70 inaungua na kupoteza nguvu. Pasha na mbao yenyewe pia, la sivyo gundi itaganda kabla hujabana klampu.

Gundi nyeupe ya duka ni rahisi zaidi na ina nguvu kwenye mbao safi. Juu ya mbao iliyokwisha kunywa gundi ya zamani haishiki, na hapo ndipo mafundi wazuri wa samani hushangaa kazi yao ikiachia baada ya miezi mitatu. Ukitaka kuitumia, kwangua kiungo mpaka mbao tupu. Epoksi hujaza mapengo na haiogopi maji, ila ikishakaa haifunguki tena. Iweke kwenye tundu la nguzo na mguu uliovunjika vibaya, pamoja na kijiti cha mbao ngumu cha milimita 12 kinachoingia sentimita 6 kila upande. Isiwekwe kwenye mishono ya mwili, kwa sababu ubao unaposinyaa utapasuka pembeni ya mshono badala ya kuachia palepale.

Rangi ya zamani ina madini ya risasi. Chukulia hivyo hata kabla ya kupima. Kusugua kwa msasa mkavu ni kumwaga sumu sakafuni, na watoto ndio huumia kwanza. Kwangua ikiwa imelowa, tandaza nailoni, vaa barakoa ya chujio, mabaki yaende kwenye ndoo yenye mfuniko. Moto wa gesi usitumike kabisa. Mashine ya hewa moto inawezekana kwa joto la chini, lakini kumbuka joto linalolegeza rangi linalegeza na gundi ya ngozi. Na kuna kosa moja la kusikitisha zaidi ya yote: kumtumbukiza farasi kwenye pipa la kostiki soda. Rangi inatoka vizuri, ni kweli. Maungio yanatoka nayo, nyuzi zinasimama kama manyoya, na chumvi inayobaki ndani inaisukuma rangi mpya ibanduke kwa miaka.

Kabla ya kuchuna chochote, fungua dirisha la sentimita 2 kwa 2 kwa kiwembe cha upasuaji, ukishuka tabaka moja moja kama ngazi: moja shingoni, moja kwenye tandiko, moja kwenye hatamu. Ukikuta rangi ya kwanza imebaki nzuri, acha. Pitisha shelaki, varnishi inayoyeyuka kwa spiriti, juu ya iliyopo, kisha paka rangi mpya juu yake. Siku mwingine akitaka kurudi kwenye ya asili, spiriti itatosha kutenganisha.

Kuchongesha hapa

Arusha ina wachongaji hodari, wakiwemo wa mtindo wa Kimakonde, lakini wengi wamezoea mpingo: kipande kimoja, kigumu, kinachochongwa kutoka nje kuingia ndani. Farasi wa bembea hachongwi hivyo. Ukimtoa kwenye gogo zima lenye moyo wa mti, atapasuka kutoka katikati kabla ya mwaka kuisha, hata ukimpaka nini. Mwili ni sanduku la mbao za inchi 2, shingo na kichwa ni mbao zilizobandikwa tabaka, na kila mguu nyuzi zake zifuate urefu wa mguu. Kwa hiyo unahitaji watu wawili: fundi seremala wa kuunga, na mchongaji wa kumalizia. Ukimpa kazi yote mmoja wao, kitu kimoja kitakuwa kibovu.

Kwa farasi wa mwili wa sentimita 90, kimo cha mwili 35, upana 28, hesabu mbao 6 za 2x8 za futi 12, upotevu ukiwemo. Sanduku lenyewe linakula karibu mita 6 na nusu, kichwa na shingo mita 5 hivi, miguu mita 6 na zaidi. Chora picha ya ukubwa halisi kwenye plaiwudi kwanza. Bila kiolezo, farasi wa kumi hatafanana na wa kwanza, na kwenye bembea tofauti hiyo inaonekana wanapokwenda safu moja.

Mbao ipi? Hapa tuna upendeleo wetu. Jakaranda, ule mti wa maua ya zambarau ulioko kila mtaa wa Arusha, ndio unaokaribia zaidi tabia ya mlindeni: laini, mweupe, nyuzi zinavumilia patasi kila upande. Wachongaji wa Kenya wanautumia sana. Udhaifu wake ni wadudu na uchafu wa bluu mbao ikikaa mbichi, hivyo upasuliwe na kupangwa kwa vijiti vya kutenganisha mara unapokatwa. Usikate wa barabarani bila kibali cha halmashauri.

Mkangazi ni chaguo la pili, imara zaidi na hauchezi sana, ila nyuzi zake hugeuka na kung'oka usoni mwa farasi, mahali usipotaka. Grevilea inapatikana kwa urahisi kwenye mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro na Meru, bei yake ni nafuu, na inatosha kwa sanduku la mwili. Kwa kichwa hapana, inachanika. Saiprasi na paina ni nyepesi, ila vifundo vya paina vinatoa utomvu unaopenya rangi. Mninga hucheza kidogo kuliko zote na ni mzuri mno, ndiyo sababu kuupaka rangi ya mafuta ni kama kumfunika bibi harusi kwa gunia. Mkongo na mtiki ni vya bloku ya katikati: kipande cha sentimita 10 kwa 10 kinachoshika nguzo, kimefungwa kwa bolti na si kwa gundi peke yake.

Ukinunua mbao za msituni au za shamba la miti la serikali, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mzigo ukikamatwa kwenye kizuizi, kazi inasimama.

Ukavu ndio unaoamua kila kitu. Lengo ni asilimia 10 hadi 12. Huna kipima unyevu? Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, ukipime kwa mizani ya gramu, kikaushe kwenye oveni nyuzi 103 mpaka uzito uache kushuka. Kikitoka 112 na kubaki 100, unyevu ni asilimia 12. Kikitoka 125, rudisha mbao kivulini, hata kama fundi anaapa kwamba zimekauka. Moshi kuna joto zaidi kuliko Arusha na mbao hukauka haraka, jambo zuri mpaka ncha zinapoanza kupasuka. Zipake rangi ya mafuta nzito siku ile ile ya kupasua.

Kwa muda, hesabu saa 150 hadi 300 za kazi kwa farasi mmoja, kutegemea mapambo. Upande wa ndani uchongwe kidogo, kama walivyofanya wa zamani. Hakuna atakayelalamika.

Faibaglasi

Haiozi, hailiwi na mchwa, na mtu mmoja anaibeba. Sura huwa butu, kwa sababu kalibu haipendi kona kali. Jua la Arusha, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huichubua ngozi ya juu ikawa kama chaki, na nyufa za umbo la nyota hutokea pale bolti ya nguzo ilipokazwa kupita kiasi. Lakini hili ndilo eneo ambalo mji huu una utajiri wa mafundi: gereji zinazotengeneza Land Cruiser za safari zinajua faibaglasi. Ufa husagwa mpaka uonekane mkeka wa nyuzi za kioo usio na ufa, unawekwa mkeka mpya tabaka mbili au tatu zikizidiana ukubwa, resini yenye kigumu cha asilimia 1 hadi 2, na jioni farasi yuko kazini. Hakuna farasi wa mbao anayeweza hivyo.

Rangi na mwendo

Kwa mbao, enameli ya mafuta isiyo na risasi juu ya praima ya mafuta, tabaka mbili na mbili, msasa mwepesi katikati, kisha varnishi mara mbili. Rangi ya gari ni ngumu na inang'aa sana, lakini haifuati mbao inapocheza. Hupasuka juu ya kila mshono. Ibaki kwa faibaglasi.

Bembea yenye kipenyo cha mita 12 ikizunguka mara 5 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu kilomita 11 kwa saa. Ya mita 6, nusu yake. Kwenye bembea nyingi za Marekani safu ya nje ilipewa farasi wakubwa wa kusimama, na wanaopanda na kushuka wakawekwa ndani: wa nje hupokea mwendo mkali zaidi, na ndio wanaoonwa zaidi na watu.

Basi uchague yupi?

Bembea haina paa na inafanya kazi kila siku: faibaglasi, bila mjadala. Ina paa, ina mlinzi, na unataka kitu ambacho wageni watakipiga picha: chongesha wa jakaranda, na uchonge miguu minne ya akiba pamoja na farasi wa kwanza, kutoka mbao ileile. Mguu wa akiba uliokaa ghala moja na farasi unaingia siku hiyo hiyo. Wa kutafutiwa mbao unasubiri miezi.

Wa kale, mnunue ukiwa na nafasi ya ndani na usimpe mzigo wa kila siku. Farasi wa Looff au Dentzel anayebeba watu wazima 200 kila Jumamosi anaharibiwa kwa hela ya kiingilio. Mweke mlangoni juu ya nguzo, chini ya paa. Hata hapo uzito wake ushikwe na nguzo na sahani ya chuma ya sentimita 20 iliyofungwa chini ya tumbo kwenye bloku ya katikati, kwato zikiwa juu ya sakafu kwa sentimita 2 au zaidi. Akisimamishwa kwa miguu yake, ile ile miembamba juu ya kwato, mtoto wa kwanza atakayemrukia mgongoni ndiye atakayeivunja.